Kabla hujatupa simu iliyokufa, mfahamu Robert Koch

Ukiingia kibanda cha fundi wa simu pale Kutus, tupa jicho chini ya meza. Kuna katoni. Ndani yake kuna simu zilizokufa: vioo vimepasuka, betri zimefura, nyingine hata hazijulikani zilikuwa za rangi gani. Wewe unaona takataka, si ndiyo? Lakini kila simu ndani ya ile katoni ina lenzi ndogo kuliko punje ya mchele wa Mwea, na lenzi hiyo imetengenezwa kwa usahihi ambao miaka 150 iliyopita hata mfalme hangeweza kuununua.

Pengine umeshasikia kwamba lenzi hiyo inaweza kutengeneza hadubini ya dijitali. Unaitoa, unaigeuza, unaiweka mbele ya kamera nyingine, unamulika kwa chini, na mara jani la sukumawiki linageuka kuwa ramani ya mji. Ni kweli, inawezekana. Nitakueleza namna. Lakini kabla hujashika bisibisi, hebu nikukutanishe na mzee mmoja aliyepitia shida zako zote: mwanga hautoshi, picha inatetemeka, kitu unachotaka kukipiga picha hakitulii, na hakuna mtu wa karibu wa kumuuliza. Aliishi katika mji mdogo wa wakulima, mbali na chuo kikuu. Baadaye alifika hadi huku kwetu, ufuoni mwa Ziwa Victoria, na alichokifanya huko si cha kupigiwa makofi. Tutafika hapo.

Jina lake ni Robert Koch. Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa migodi katika milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alikuwa afisa wa migodi na nyumba ilijaa watoto, maana mama yao alizaa 13. Inasimuliwa kwamba Robert alijifunza kusoma mwenyewe kwa kutumia magazeti kabla hajaenda shule. Alikuwa mtoto wa kuokota vitu: mawe, mimea, wadudu. Ndoto yake kubwa ilikuwa kusafiri dunia.

Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen. Mmoja wa walimu wake alikuwa Jacob Henle, mtaalamu wa maumbile ya mwili, ambaye tangu 1840 alikuwa ameandika kwamba magonjwa ya kuambukiza huenda yanaletwa na viumbe hai vidogo. Wakati huo hilo lilikuwa wazo tu. Wengi waliamini magonjwa hutokana na hewa mbaya. Koch alihitimu udaktari mwaka 1866, akamwoa Emmy Fraatz mwaka 1867, wakapata binti yao mmoja, Gertrud. Ndoto ya kusafiri ikawekwa kabatini. Alihamahama akitafuta riziki kama daktari wa kawaida, akahudumu katika vita vya Ujerumani na Ufaransa, na mwaka 1872 akapata kazi ya daktari wa wilaya mahali paitwapo Wollstein. Leo mji huo uko Poland na unaitwa Wolsztyn.

Hebu fikiria Wollstein kama Kutus bila bodaboda. Wakulima, ng'ombe, kondoo, mashamba pande zote, na barabara za kwenda miji mikubwa zaidi. Daktari akiamka asubuhi anakuta wagonjwa mlangoni: huyu amevunjika mguu, huyu mtoto ana homa, yule ameng'olewa jino vibaya. Katikati ya shughuli hizo Koch aligawa chumba chake cha kutibia kwa pazia. Upande huu wagonjwa, upande ule hadubini, chupa na panya. Hiyo ndiyo maabara iliyobadilisha tiba duniani. Pazia, bana. Usiniambie tena kwamba bedsitter yako ni ndogo.

Shida ya wakulima wa pale ilikuwa kimeta. Kondoo analala mzima, asubuhi amekufa, damu yake nyeusi. Ng'ombe vilevile, na anayemchuna naye anaugua. Ajabu ni kwamba kulikuwa na mashamba yaliyoua mifugo mwaka baada ya mwaka, hata yakikaa muda mrefu bila mnyama. (Kimeta bado huzuka hapa Kenya, kwa hiyo ukisikia ng'ombe wa jirani amekufa ghafla na nyama inauzwa bei ya kutupa, pita mbali.) Mfaransa Casimir Davaine alikuwa tayari ameona vijiti vidogo katika damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta. Swali likabaki: je, vijiti hivyo ndivyo vinavyoua, au ni uchafu tu unaotokea mnyama akishakufa?

Koch hakuwa na vifaa vya maana. Kwa kukosa sindano ya kufaa, alichonga vijiti vya mbao, akavisafisha kwa moto, akachovya katika damu ya mnyama aliyekufa na kumchoma panya mkiani. Panya akafa. Akachukua kutoka kwa huyo akampa mwingine, na mwingine, na kila mara vijiti vilevile vilionekana chini ya lenzi. Lakini bado mtu angeweza kusema kwamba kinachoua ni sumu ndani ya damu, si kijiti. Ilibidi avikuze vijiti nje ya mwili. Alitumia maji ya ndani ya jicho la ng'ombe. Aliweka tone kwenye kioo, akalifunika lisikauke, akalipasha joto kama la mwili, akakaa na kutazama. Saa baada ya saa aliona vijiti vikirefuka na kuwa nyuzi ndefu, halafu ndani ya nyuzi kukatokea vitone vinavyong'aa kama shanga. Nyuzi zikavunjika, shanga zikabaki. Shanga hizo zikikaushwa hazifi. Zikipata tena joto na chakula zinarudi kuwa vijiti.

Kumbe siri ya yale mashamba ilikuwa hiyo. Mbegu za kimeta zilikuwa zimelala mchangani zikingoja.

Mwezi Aprili 1876 alimwandikia Ferdinand Cohn, profesa wa mimea katika mji wa Breslau, akaomba nafasi ya kuonyesha kazi yake. Akaalikwa. Alipanda gari moshi akiwa na hadubini na wanyama wake, na kwa siku kadhaa, kuanzia Aprili 30, akarudia kila jaribio mbele ya maprofesa. Hakuna aliyemjua. Alipomaliza, hakuna aliyembishia. Cohn alichapisha makala yake mwaka huohuo.

Sasa hapa ndipo habari yako na yake zinapokutana.

Koch alikuwa na tatizo la picha. Enzi hizo mtu akiona kitu kwenye hadubini, alikichora kwa mkono. Na mchoro, hata wa mtu mwaminifu, unachora kile ambacho mchoraji anadhani amekiona. Watu wawili wanatazama tone moja, mmoja anachora duara, mwingine anachora yai, kisha wanagombana magazetini miaka kumi. Koch alitaka picha halisi ambayo adui yake angeweza kuikagua. Kwa hiyo akaunganisha kamera na hadubini.

Usifikirie kamera ya kubofya. Aliilaza hadubini ubavu, akaiunganisha na sanduku la kamera, akaelekeza mwanga wa jua ndani yake kwa kioo. Bamba la kioo lililopakwa dawa lilitakiwa kutumika likiwa bado bichi na kusafishwa mara moja kwenye chumba cha giza. Wingu likipita, kazi imeharibika. Meza ikitikisika, kazi imeharibika. Na balaa kubwa kuliko zote: bakteria aliye hai ndani ya maji hatulii. Anaogelea. Mtu wa kupigwa picha anaweza kuambiwa asimame wima, lakini bakteria utamwambia nini?

Jibu lake lilikuwa rahisi mno hata inashangaza. Alitandaza tone liwe utando mwembamba juu ya kioo, akaliacha likauke, akalipaka rangi za viwandani, zile za kutia vitambaa. Bakteria wakanata, wakatulia, wakaonekana. Mwaka 1877 alichapisha picha za bakteria zilizopigwa kwa kamera, za kwanza za aina hiyo. Lakini tazama jambo hili: njia aliyoibuni ili picha isitetemeke ndiyo iliyobaki. Siku utakayokwenda kupimwa malaria na ukaona mtaalamu anatandaza damu kwenye kioo, anaiacha ikauke, anaipaka rangi, ujue anafanya kile kilichofanyika nyuma ya pazia la Wollstein.

Haya, chukua bisibisi sasa. Nitaenda polepole hapa kwa sababu ndipo wengi wanapokwama.

Njia ya bei ya chini ni kamera ya kompyuta, ile ya kuchomeka kwa USB. Ifungue. Mbele utakuta kilenzi kilichofungwa kwa nyuzi kama parafujo. Kizungushe kitoke. Kilenzi hiki kimeundwa kuchukua kitu kikubwa, kama uso wako, na kukibana kiingie kwenye kihisi kidogo cha kamera. Ukikigeuza nyuma mbele, kazi inageuka pia: kinachukua kitu kidogo na kukikuza. Basi kigeuze, kirudishe mahali pake kwa gundi kidogo au kipande cha mpira, na hapo tayari una lenzi ya hadubini. Kitu unachotazama kitatakiwa kuwa karibu sana na lenzi, milimita chache tu.

Ukikisogeza kilenzi mbali zaidi na kihisi, picha inakua. Lakini kuna bei unalipa: mwanga unafifia, na ile nafasi ambamo picha inakuwa kali inapungua mpaka unene wa unywele unakuwa mwingi. Ndiyo maana usijaribu kushika kwa mkono. Tengeneza meza ndogo: vipande viwili vya mbao, boliti tatu ndefu, na nati. Ukizungusha nati, meza inapanda au kushuka kidogokidogo. Fundi yeyote wa jua kali atakutobolea matundu hayo kwa dakika tano.

Kwa zile simu za katoni, fundi anaweza kukutolea kilenzi kutoka kwa kamera iliyoharibika, ukakibandika kikiwa kimegeuzwa mbele ya kamera ya simu yako nzima. Mhadharishe, na ujihadhari wewe pia, na betri iliyofura. Usiitoboe wala usiipinde. Inashika moto.

Njia ya pili ni bora zaidi ukibahatika kupata lenzi ya chini ya hadubini ya zamani, ile inayokaribia slaidi. Isome ubavuni. Mara nyingi utakuta imeandikwa 10/0.25 na 160/0.17. Hiyo 10 ni mara inavyokuza. Hiyo 160 inakwambia kwamba imeundwa kwa mrija wa milimita 160. Sasa toa kabisa lenzi ya kamera, ubaki na kihisi kitupu, ukiweke juu ya mrija wa urefu unaokaribia huo, takriban sentimita 15 hadi 16 kutoka kwenye lenzi. Paipu ya maji inatosha. Lakini ipake rangi nyeusi isiyong'aa ndani, au ikunje karatasi nyeusi uitumbukize, maana mwanga unaogonga kuta nyeupe za paipu unarudi kwenye picha kama ukungu. Wengi husahau hili halafu wanailaumu lenzi.

Vumbi nalo. Ukiona kidoa cheusi, sogeza slaidi. Kidoa kikisogea, kiko kwenye slaidi. Kikibaki palepale, kiko kwenye kihisi. Usikifute kwa fulana. Puliza hewa kwa kipulizio cha mpira, basi.

Na mwanga. Hapa nirudi kwa Koch, kwa sababu hapa ndipo alipowazidi wenzake ujanja. Mnamo 1878 alikuwa akichunguza vidonda vilivyooza, akawa anashindwa kuwaona bakteria ndani ya nyama. Katika mji wa Jena kulikuwa na mwanafizikia Ernst Abbe, aliyefanya kazi na kiwanda cha Carl Zeiss. Abbe alikuwa ameunda kikusanya mwanga, yaani lenzi inayokaa chini ya slaidi na kumwaga mwanga kutoka pembe zote. Watu waliokitumia walizoea kukibana ili mwanga uwe mwembamba na kingo za vitu zionekane. Koch akakifungua wazi. Kingo za nyama zikayeyuka ndani ya mwanga, na kilichobaki kikionekana ni rangi tu, yaani bakteria aliyepakwa rangi. Kwa lenzi mpya ya Zeiss iliyotumbukizwa ndani ya tone la mafuta, akawa anaona ambacho wengine walipita juu yake.

Kwako wewe, mantiki ni ileile. Chukua balbu ndogo ya LED, iweke chini, ifunike kwa karatasi nyeupe nyembamba ili mwanga usambae. Kisha kata kadi nyeusi yenye tundu na uiweke kati ya mwanga na slaidi. Kitu kisicho na rangi, kama ngozi ya kitunguu, kitahitaji tundu dogo ili kionekane. Kitu chenye rangi kali kitahitaji tundu kubwa. Ukilibana tundu mno picha inaonekana ya kuvutia, yenye mistari mikali, lakini mingi ya mistari hiyo ni ya mwanga, si ya kitu. Inakudanganya. Jaribu matundu matano tofauti kabla hujasema lenzi ni mbovu.

Mpige picha nini? Kitunguu, chumvi, bawa la nzi, jani la mpunga. Ukitaka viumbe vinavyotembea, maji ya mfereji yamejaa viumbe, lakini hapa tusikilizane. Mifereji ya Mwea inayonyweshwa na mito Thiba na Nyamindi ni mahali panapojulikana kwa kichocho. Kimelea chake kinatoka kwa konokono na kupenya ngozi yako nzima bila kukuuma. Usiingie miguu mitupu kutafuta sampuli. Chota kwa kopo lililofungwa kwenye mti, vaa glavu. Na damu, makohozi au kinyesi cha mtu waachie wenye maabara, hata kama umeona video inayosema ni rahisi. Pia usitarajie makubwa kupita kiasi. Kilenzi cha simu kilichogeuzwa kinaweza kukufikisha kwenye vitu vya ukubwa wa seli nyekundu ya damu, ambayo ni kama elfu saba au nane ya milimita kwa milioni, yaani milimita 0.007 hivi. Bakteria wa kifua kikuu hutamwona. Hata Koch hakumwona kwa urahisi.

Huyo bakteria ndiye aliyemfanya maarufu. Mwaka 1880 alihamishiwa Berlin, Ofisi ya Afya ya Dola, akapata maabara halisi na wasaidizi. Nitapita hapa haraka kwa kuwa vitabu vya shule vimeshasema. Alianza kukuza bakteria juu ya viazi vilivyokatwa, kisha juu ya gelatini, ambayo iliyeyuka kila joto likipanda. Aliyeokoa jahazi ni Fanny Hesse, mke na msaidizi wa mmoja wa watafiti wa pale. Yeye alijua jikoni kwake kwamba agari, unga wa mwani unaotumika kutengenezea jeli, haiyeyuki ovyo. Hadi leo maabara za dunia nzima zinatumia agari. Koch aliitaja agari katika maandishi yake bila kulitaja jina la huyo mama. Sijui kama ilimsumbua, ingenisumbua mimi.

Jioni ya tarehe 24 Machi 1882, mbele ya wanasayansi wa Berlin, alieleza kwamba kifua kikuu kinaletwa na bakteria, na alikuwa amebeba hadubini na slaidi kila mtu ajionee. Aliposema neno la mwisho hakuna aliyepiga makofi wala kuuliza swali. Watu waliinuka wakaenda kuchungulia. Ndiyo maana Siku ya Kifua Kikuu Duniani huadhimishwa Machi 24. Mwaka uliofuata alikuwa Misri na India akifuatilia kipindupindu. Ile ndoto ya kusafiri ikatoka kabatini.

Kisha akajikwaa. Mwaka 1890 alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, na akakataa kusema imetengenezwa kwa nini. Wagonjwa walifurika Berlin kwa treni. Dawa haikuponya, baadhi yao walizidiwa na kufa. Ilipojulikana kwamba ni maji yaliyotokana na bakteria wenyewe pamoja na gliserini, heshima yake ilipata doa. Kitu hicho kimebaki na kazi moja: kuchoma ngozi ya mkono ili kujua kama mtu ameambukizwa. Mtu aliyesisitiza picha ili kila mmoja akague, hapa akaficha. Mwaka 1893 aliachana na Emmy akamwoa Hedwig Freiberg, msichana mdogo kwake kwa karibu miaka 30, na Berlin ikapata la kusema.

Kuanzia 1896 alikuwa barani Afrika mara kwa mara. Alianza Kimberley, Afrika Kusini, akipambana na sotoka iliyokuwa ikifagia ng'ombe. Akaenda India kwa ajili ya tauni, kisha Dar es Salaam, wakati huo makao ya koloni la Wajerumani, akichunguza malaria na magonjwa ya mifugo. Alirudi tena mwaka 1905, akapita Amani katika milima ya Usambara, akaonyesha jinsi vimelea vya homa ya papasi vinavyopita kutoka kwa papasi mama hadi kwenye mayai yake. Mwishoni mwa mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Halafu Sese.

Tangu mwanzoni mwa karne hiyo malale yalikuwa yakimaliza watu kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Makadirio yanataja watu wapatao 250,000 waliokufa katika miongo hiyo miwili. Ugonjwa unaletwa na mbung'o, na unaingia ubongoni mpaka mtu anasinzia na kufa. Mwaka 1906 Koch, akiwa na miaka 62, alivuka hadi visiwa vya Sese akajenga kambi pale Bugala. Watu walimiminika. Walikuja kwa mitumbwi, wengine wamebebwa na ndugu zao. Kila siku msururu, na kila siku sindano.

Sindano hiyo iliitwa atoksili. Ina aseniki ndani yake. Koch alitoa damu na majimaji ya tezi za shingo, akaweka chini ya lenzi, akaona vimelea. Alichoma dawa, akatazama tena, vimelea vimetoweka. Kwenye hadubini ilikuwa ushindi. Lakini baada ya muda vimelea vilirudi, kwa hiyo akaongeza kipimo mara mbili. Wagonjwa wakaanza kulalamika kwa maumivu na kizunguzungu. Wengine walitoroka kambi. Kisha baadhi yao wakapofuka, upofu usiorudi nyuma. Ndipo akarudisha kipimo chini. Dawa yenyewe hakuiacha. Aliporudi Ujerumani mwaka 1907 aliipendekeza, pamoja na kambi za kuwatenga wagonjwa, na kambi hizo zikajengwa katika makoloni ya Wajerumani.

Kuna watu husema enzi hizo ndivyo mambo yalivyokuwa. Mimi sikubaliani nao. Wagonjwa wa Berlin walipodhurika na tuberkulini, magazeti yalipiga kelele na madaktari wenzake walimhoji. Wa Sese hawakuwa na gazeti. Wale waliokuwa wakitoroka usiku kwa mitumbwi walikuwa wakimpa daktari matokeo ya jaribio lake, tena matokeo yaliyo wazi, ila yeye alikuwa amezoea kusubiri matokeo kwenye slaidi.

Robert Koch alikufa tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Majivu yake yako Berlin, ndani ya jengo la taasisi inayobeba jina lake.

Njoo sasa Dar es Salaam, mji uleule alioshukia 1897. Huko vijana wa karakana ya STICLab walishirikiana na Chuo Kikuu cha Bath cha Uingereza kutengeneza hadubini iitwayo OpenFlexure. Mwili wake ni plastiki iliyochapwa kwa printa ya 3D, macho yake ni kamera ndogo ya kompyuta ya Raspberry Pi. Toleo la bei nafuu linatumia kilenzi cha kamera hiyohiyo kilichogeuzwa, kama chako. Toleo kubwa linabeba lenzi ya mafuta ya kuonea malaria, na Taasisi ya Afya ya Ifakara imeshiriki kulijaribu. Michoro yake iko wazi kwenye intaneti, yeyote aichukue. Ukiwa na rafiki pale Chuo Kikuu cha Kirinyaga anayeweza kupata printa ya 3D, mnunulie chai mzungumze.

Kabla hujapiga picha ya kwanza, fanya jambo moja ambalo wengi huliruka. Weka rula ya plastiki mahali pa slaidi, piga picha ya mistari miwili ya milimita, uihifadhi. Hiyo ndiyo itakayokwambia ukubwa wa kila kitu utakachoona baadaye kwa mpangilio huohuo wa lenzi. Ukisogeza lenzi, rudia. Andika tarehe, aina ya lenzi, na ukubwa wa tundu la kadi yako. Halafu ngoja magari yapungue barabarani ya kuelekea Kerugoya, meza itulie, uweke simu kwenye taima ya sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Anza na kitunguu.